Rais na ishu ya utoaji mimba: mi naangalia anamteua nani

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia huu mjadala unarudi palepale, kwamba mgombea urais anasemaje kuhusu kutoa mimba, na watu wanagawanyika mara moja. Kuna wanaosema hilo ndo jambo la kwanza na la mwisho, mengine yote ni porojo. Wengine wanasema ah, tangu 2022 Mahakama ya Juu ilipofuta haki ya kutoa mimba nchi nzima, mambo yamerudi majimboni, rais anahusika nini tena? Mi naona wote wanakosea, ila sio kwa kiwango kimoja.

Kwanza tuseme ukweli, kauli ya mgombea peke yake ni ushahidi dhaifu sana. Rais Reagan tunayemkumbuka kama adui mkubwa wa utoaji mimba ndo huyohuyo aliyesaini sheria ya kuulegeza California mwaka 1967 akiwa gavana. Trump mwaka 1999 alikuwa anasema kwenye TV kwamba anaunga mkono haki ya mwanamke kuchagua. Biden naye kwa miaka mingi aliunga mkono kile kipengele cha Hyde, kinachozuia pesa za serikali kuu kulipia utoaji mimba isipokuwa kwa sababu chache, halafu 2019 akiwa anautafuta urais akageuka. Sisemi wote ni waongo, binadamu anaweza kubadili mawazo, lakini ukimpa mtu kura kwa sababu ya sentensi moja aliyoitoa kwenye mdahalo ujue umeshika upepo.

Kazi yenyewe iko kwenye uteuzi wa majaji wa Mahakama ya Juu, na hapo napo stori haijanyooka kama watu wanavyodhani. Hukumu ya Roe ya Januari 1973, ile iliyofanya kutoa mimba kuwa haki ya kikatiba, iliandikwa na jaji Blackmun, aliyeteuliwa na Nixon, rais wa chama cha Republican, ambacho kwa kawaida ndo kinapinga utoaji mimba. Mwaka 1992 kesi ya Casey ikaja mahakamani hapo kuijaribu Roe, kila mtu anajua Roe inazikwa leo, kumbe walioiokoa ni majaji O'Connor, Kennedy na Souter, wote watatu wameteuliwa na marais wa Republican! Souter aliteuliwa na Bush mkubwa mwaka 1990, na mwaka uliofuata Bush huyohuyo akamteua Clarence Thomas, na Thomas ndo mmoja wa majaji watano walioifuta Roe tarehe 24 Juni 2022. Yaani rais mmoja, anayejulikana kupinga utoaji mimba, alitoa jaji aliyeiokoa na jaji aliyeiua, na huyo wa pili amefanya hivyo miaka zaidi ya 30 baadae, wakati Bush mwenyewe ameshafariki. Waliompigia kura 1988 wengi wao hata hawakuwa wanafikiria hilo.

Ndo maana kilichobadilika 2016 sio maneno ya mgombea, ni ile orodha. Trump aliweka hadharani majina ya watu ambao angewachagua kwenda Mahakama ya Juu, kwa mara ya kwanza mpiga kura akawa na kitu cha kushika, sio ahadi ya hewani. Akapata nafasi tatu ndani ya miaka minne, Gorsuch, Kavanaugh na Barrett, na wote watatu wamo kwenye wale watano. Uipende hukumu ile au uichukie, waliompigia kura kwa ajili hiyo walipata walichokifuata, na waliosema 2016 kwamba ishu ya majaji ni vitisho tu vya kampeni wakaachwa midomo wazi.

Sasa wale wa "imerudi majimboni". Ni kweli kiasi. Kansas, jimbo la Republican kabisa, Agosti 2022 wapiga kura walikataa kuondoa ulinzi wa utoaji mimba kwenye katiba ya jimbo lao. Missouri mwaka 2024 walimpa Trump kura na siku hiyohiyo wakapitisha kipengele cha kulinda haki hiyo, na wengine wakawacheka kwamba hawajielewi. Mi sioni cha kucheka hapo, mtu anaweza kusema hili nalimaliza mwenyewe kwenye karatasi ya jimbo na rais namchagua kwa mambo ya uchumi au mipaka, ni akili tu.

Ila hesabu hiyo ina tundu. Vidonge vya mifepristone viliruhusiwa mwaka 2000 na FDA, mamlaka ya dawa, na mkuu wa FDA anateuliwa na rais. Masharti ya kitaifa ya vidonge hivyo, kwamba lazima uonane na daktari ana kwa ana au vinaweza kutumwa kwa posta, yanapangwa hukohuko, hayapangwi na gavana. Halafu kuna sheria ya Comstock ya 1873, bado ipo vitabuni, inakataza kutuma kwa posta vitu vya kutolea mimba, na kama itatumika au itaachwa ilale inategemea sana wizara ya sheria ya rais aliyepo. Na kwa sisi tulio nje ya Marekani kuna ile sera ya Mexico City ya 1984, mashirika ya nje yanayopokea pesa za Marekani yasijihusishe na utoaji mimba hata kwa pesa zao wenyewe. Clinton akaifuta 1993, Bush mdogo akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump 2017 akairudisha na kuipanua, Biden 2021 akaifuta, Trump 2025 akairudisha tena. Hapo hakuna bunge wala mahakama, ni kalamu ya mtu mmoja siku za mwanzo ofisini.

Kwa hiyo kwangu msimamo wa rais una uzito, ila napima kwa maswali ya kikazi, ataweka nani FDA, nani wizara ya sheria, majaji anawatoa wapi. Asipojibu hayo, hotuba yake nzuri siihesabu. Na seneta usimpite haraka kwenye karatasi ya kura, maana Seneti ndo inayomthibitisha jaji, na 2016 Obama alimteua jaji Garland kujaza nafasi ya jaji Scalia aliyefariki, Seneti ikakaa kimya zaidi ya miezi tisa bila hata kumsikiliza, mpaka rais mwingine akaja na mtu wake.