Gereji ya Mzee: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 12:30 asubuhi nimeshafika ofisini, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Sinza. Hata chai sijanywa, nawasha skrini nione kompyuta imefanya nini usiku. Picha sita za sebule ziko tayari, ya saba bado ina chenga. Naiacha iendelee, nafuata chapati. Watu wanadhani kazi ya 3D, yaani kuichora nyumba kwenye kompyuta kabla haijajengwa, ni kubonyeza kitufe, nyumba ikatoka na maua yake!

Saa 2 hadi saa 4 nanyoosha modeli ya nyumba kwenye kompyuta na kutoa mikato miwili, michoro inayoonyesha nyumba kama imepasuliwa katikati. Hakuna la kusimulia.

Saa 4:10 akaingia mzee anayejenga Kibaha. Jumatatu nilimtumia WhatsApp picha ya nyumba yake ikitazamwa kutoka kona ya geti: jua la jioni, minazi, Prado nyeupe imeegeshwa. Akaisambaza kwa ukoo mzima. Jana nikampa michoro ya kazi, sura za pande zote nne, kila upande ukitazamwa moja kwa moja kutoka mbele yake, kwa kipimo cha 1:100.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, nyumba yangu mmeikalia?"

Akatandaza karatasi, kidole juu ya gereji. Kwenye picha ilikuwa nyuma, kwenye mchoro imekuja mstari mmoja na sebule. Nani kaisogeza?

Hakuna aliyeisogeza. Iko mita 3 nyuma ya ukuta wa sebule, palepale. Picha ya kona inatazama kama jicho: cha mbali kinasinyaa. Mchoro wa sura unaichukulia nyumba kana kwamba macho yamesimama mbele ya kila nukta yake, kwa hiyo cha mbali na cha karibu vinabaki na vipimo vyake. Kinachopotea ni kina. Nikampa rula apime dirisha. Sentimita 1.5, yaani mita 1.5. "Sasa pima dirisha hilohilo kwenye picha ya Prado." Akapima, akakunja uso.

Nikadhani yameisha, kumbe alikuwa anaisogelea sebule. Kwenye picha ilikuwa ukumbi wa harusi, kwenye ramani ni mita 4 kwa 5. Hapo alinikamata. Kamera ya ndani niliifungua pana mno ili chumba kizima kiingie, na ukuta wa mwisho ukakimbilia mbali. Wengi wetu tunafanya hivyo kwa sababu inauza. Nikamwomba radhi, naye akaanza upya na gereji, kisha akampigia mwanawe, tukaanza upya tena na mwanawe.

Saa 7 ilinikuta bado naeleza. Mwisho nikakumbuka dawa ya wachoraji wa zamani: vivuli. Mwanga unashushwa kutoka juu kushoto kwa nyuzi 45, kwenye ramani na kwenye sura, hivyo upana wa kivuli unakuwa sawa na kina. Jua la Kibaha haliwezi kuangaza pande zote nne namna hiyo, lakini kwenye mchoro inaruhusiwa. Ukuta wa sebule ukaangusha kivuli cha mita 3 juu ya gereji.

"Eeh! Sasa umeirudisha."

Sikubisha.

Ila sura zote nne zilibidi zirendwe upya, yaani kompyuta izitengeneze tena kuwa picha. Karatasi ya A1 kwa nukta 300 kila inchi ni nukta karibu milioni 70, na mashine yangu si kijana. Upande wa tatu ulikuwa karibu kuisha umeme ukakatika. Betri ya akiba ikalia dakika chache, ikazima. Feni kimya, blauzi imegandia mgongoni, shingo kama imepigiliwa msumari. Chakula cha mchana nilikikuta kimepoa, sijui saa ngapi.

Umeme uliporudi muadhini wa magharibi alishamaliza. Nikaanzisha upya upande wa tatu, miguu juu ya kiti cha wageni. Simu ikaita, sauti ya mzee:

"Binti, kwenye hizo mpya, Prado yangu mbona haipo?"