Naishi Seongnam

Miaka minne ya mwanzo hapa Korea Kusini niliwadanganya watu wa nyumbani bila kukusudia. Mtu akipiga simu kutoka Dar akauliza nakaa wapi, najibu "Seoul", na maongezi yanaendelea. Seoul wanaijua, wameisikia kwenye tamthilia. Seongnam ningeanza kuieleza mpaka bando likate.

Siku hizi nasema Seongnam, na anayeuliza ni wapi huko namweleza. Naona ni haki ya mji huu kutajwa kwa jina lake, na nikimaliza kusimulia utaona kwa nini nalishikia bango jambo ambalo kwa wengine ni dogo.

Seongnam imepakana na Seoul upande wa kusini-mashariki. Nikipanda treni ya mstari namba 8 kituo cha Sujin, baada ya dakika kama ishirini nashuka Jamsil, ndani ya mji mkuu. Hakuna pori katikati, hakuna bango kubwa la kukuaga. Ila serikali ya huku ni nyingine: Seoul ina meya wake, sisi tuko mkoa wa Gyeonggi, tuna meya wetu na watu laki tisa na ushee. Jina lenyewe maana yake ni "kusini mwa ngome". Ngome ni Namhansanseong, iliyo juu ya mlima tunaouona kila siku, ambako mfalme Injo alijichimbia siku 47 akizingirwa na jeshi la Wamanchu, kati ya mwisho wa 1636 na mwanzo wa 1637.

Watanzania wengi wamelala Seongnam na hawajui. Makao makuu ya KOICA, shirika la misaada la Korea, yako wilaya yetu ya Sujeong, pamoja na kituo chake cha mafunzo. Maofisa kutoka kwetu wanakuja kozi, wanapiga picha, wanarudi na kusema "tulikuwa Seoul". Siwalaumu, maana hata uwanja wa ndege wa kijeshi wanakotua marais wageni uko ndani ya ardhi ya Seongnam, na unaitwa Uwanja wa Seoul. Majirani zetu nao yanawapata hayo hayo. Mkutano wa Korea na Afrika wa Juni 2024, ambao Rais Samia alihudhuria, viongozi walikutana kwenye ukumbi wa KINTEX, ulioko Goyang, mji mwingine wa pembeni upande wa kaskazini-magharibi. Nyumbani kila mtu alijua walikuwa Seoul.

Chumba ninachopanga kiko mtaa wa Taepyeong, kwenye mteremko ambao wakati wa theluji unashuka ukiwa umeshika ukuta. Pembeni ya njia kuna masanduku ya chumvi na mchanga. Asubuhi ya barafu jirani yeyote anachota na kumwaga mbele ya mlango wa mwenzake. Nyumba ni ya ghorofa tatu, nyembamba, na imebanana na ya jirani kiasi kwamba nikitoa mkono dirishani jikoni nagusa matofali yake. Ukisimama kilima cha pili ukatazama huku, unaona nyumba zimejipanga kama meno ya kitana, upana ule ule, mtaa baada ya mtaa, hadi juu kabisa. Nilidhani ni mtindo wa zamani wa ujenzi. Mwenye nyumba wangu, bibi anayekaribia miaka sabini, ndiye aliyenifungua macho. Nilimuuliza, "Halmoni, kwa nini nyumba zote zinalingana?" Akajibu neno moja: "Isip-pyeong." Pyeong ishirini, yaani kama mita za mraba 66. Hicho ndicho kiwanja ambacho kila familia ilikatiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Seoul ilikuwa imefurika watu waliotoka vijijini kutafuta riziki. Walijenga vibanda vya mbao kando ya mto Cheonggyecheon na kwenye milima ya jiji. Serikali ya jiji ikaamua kuwaondoa. Ilinunua ardhi ya milima huku, wakati huo ikiwa sehemu ya wilaya ya Gwangju ya mkoa wa Gyeonggi (usichanganye na jiji la Gwangju la kusini, ambalo lina historia yake kubwa), ikaahidi viwanja, viwanda na ajira, halafu ikaanza bomoabomoa. Watu wakapakiwa kwenye malori. Bibi alikuwa na miaka kumi na moja. Anakumbuka lori, sufuria zikigongana, na mama yake akiwa ameshikilia mtungi wa mchuzi wa soya usimwagike. Walipofika hapakuwa na nyumba hata moja. Palikuwa na udongo mwekundu uliochongwa na trekta, kamba zilizonyooshwa chini kuonyesha mipaka, na mahema. Maji ya bomba hakuna. Choo hakuna. Kazi ziko Seoul, na mabasi ni machache mno. Baba yake alikuwa anaondoka gizani na kurudi gizani kwa kibarua cha mjini.

Aliponisimulia hayo nilinyamaza muda mrefu, kwa sababu mama yangu mdogo anaishi Mabwepande. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipokumba bonde la Msimbazi pale Dar, serikali iliwahamisha watu wa mabondeni na kuwapeleka Mabwepande. Walipewa viwanja na mahema, huku vibarua na biashara zao zikibaki Kariakoo na Jangwani. Nilienda kumsaidia kushusha vyombo. Nakumbuka naye akiuliza basi la kurudi mjini linapita wapi. Sikutarajia kuja kukutana na swali hilo hilo nikiwa ng'ambo, kwenye kinywa cha bibi wa Kikorea.

Kufikia 1971 watu zaidi ya laki moja walikuwa wamebanana kwenye milima hii. Wengi walishauza haki zao za viwanja kwa madalali ili wale, na walionunua kwa madalali nao walikuwa maskini tu waliotafuta pa kujishikiza. Uchaguzi wa mwaka huo ulikuja na ahadi nyingi. Ulipopita, wale walionunua haki za viwanja wakaletewa barua za kudaiwa: badala ya ile bei ya karibu won 2,000 kwa pyeong iliyokuwa imetajwa, ilitakiwa kati ya won 8,000 na 16,000, zilipwe zote kwa mkupuo, na kodi ya jengo juu yake. Kwa watu waliokuwa wanakula mlo mmoja!

Tarehe 10 Agosti makumi ya maelfu walikusanyika kumsubiri meya wa Seoul, aliyeahidi kuja kuonana nao asubuhi. Alichelewa. Hasira ikalipuka, ofisi ya mradi ikachomwa moto na magari pia, na kwa saa kadhaa mji mzima ukawa mikononi mwa wakazi. Jioni serikali ikakubali madai yao. Watu 22 walikamatwa. Tarehe 1 Julai 1973 makazi yale yakawa manispaa kamili, Seongnam. Kwa hiyo mji huu una cheti cha kuzaliwa, na kimeandikwa na watu waliotupwa.

Kwa miaka mingi tukio lile liliitwa vurugu. Bibi anasema shuleni walikuwa hawalizungumzi, na alipokwenda kutafuta kazi Seoul alijifunza kutotaja anakotoka, kwa kuwa aliyetoka Seongnam alihesabiwa mtoto wa wahuni. Mwaka 2021, miaka 50 baadaye, manispaa ilitangaza rasmi jina jipya: Harakati za Haki za Wananchi za Agosti 10, Seongnam. Nilimuuliza alijisikiaje siku hiyo. Alisema baba yake hakuwahi kulisikia jina hilo, akaendelea kumenya vitunguu saumu.

Hapo tumeongelea mlimani tu. Ukitaja Seongnam kwa Mkorea kijana atafikiria upande wa pili kabisa, Bundang. Baada ya Olimpiki ya 1988 bei za nyumba Seoul zilipanda hadi serikali ikaingiwa na hofu. Aprili 1989 ikatangaza kujenga miji mipya; ilikuja kuwa mitano, na Bundang na Ilsan ndiyo iliyopewa uzito zaidi. Mashamba ya mpunga yaliyokuwa kusini mwa mji wetu, kando ya kijito cha Tancheon, yakageuzwa maghorofa kwa kasi ya ajabu. Septemba 1991 familia za kwanza zilikuwa zinahamia. Walioletwa huko ni watu wa tabaka la kati kutoka Seoul, na wao walikuja kwa hiari, wakakuta bustani, shule nzuri na barabara pana. Wakazi wake wana msemo wenye vina: chini ya Cheondang ni Bundang. Cheondang ni peponi.

Muulize mtu wa Bundang anaishi wapi, atakwambia Bundang. Jina la Seongnam halimtoki. Mwanzoni nilichukia tabia hiyo, na bado inaniuma, kwa kuwa nawajua watu wa upande wangu wanavyoipokea. Ila nikikumbuka kwamba mimi mwenyewe nilisema "Seoul" miaka minne, nashindwa kunyoosha kidole. Kila mtu anajibandika jina litakalomfungulia mlango.

Kinachonifurahisha ni kwamba Seongnam imeacha kuwa mahali pa kulala tu. Kaskazini mwa Bundang walijenga Pangyo, ambako leo kuna ofisi kubwa za kampuni za mtandao na michezo ya kompyuta: Kakao, NCSoft na Nexon. Naver, kampuni ya mtandao wa kutafutia habari, wako Jeongja, kituo kimoja kusini. Mwaka 2011 ikafunguliwa njia ya treni ya Shinbundang, na kutoka Gangnam, ndani ya Seoul, hadi Pangyo sasa ni robo saa hivi. Simama kituo cha Pangyo saa mbili asubuhi uone: vijana wa Seoul wanamiminika wakija kufanya kazi kwetu. Baba yake bibi alikuwa anapigania basi la kwenda upande ule; wajukuu wa waliobaki kule wanapigania treni ya kuja huku.

Ukitaka kuuona mji wa zamani kwa macho yako, njoo Moran siku ya gulio. Gulio linafanyika kila tarehe inayoishia na 4 au 9, na Moran ni jina lililotokana na kilima cha Moranbong cha Pyongyang, ukumbusho wa watu waliotoka kaskazini. Mimi huenda kwa wakamua ufuta. Duka dogo, mashine za chuma zimepangwa ukutani. Mama mmoja anamimina ufuta kwenye kikaango kinachozunguka, anausikiliza. Naam, anausikiliza, maana mlio wa punje ukibadilika anazima moto papo hapo. Kisha anauweka kwenye shinikizo, na mafuta ya rangi ya asali yanaanza kudondoka kwenye chupa ya kijani. Mara ya kwanza nilimwambia kwetu pia tunalima ufuta, Lindi na Mtwara. Alinitazama, akanimiminia kijiko kimoja kiganjani nionje, ya moto bado. Tangu siku hiyo ananiita "mtu wa ufuta".

Watu hawa ndio walionifundisha mji una maana gani. Hospitali mbili za mji wa zamani zilipofungwa mwaka 2003, wakazi wa mlimani walikusanya saini kudai hospitali ya umma. Walizungushwa, wakarudi tena. Mmoja wa waliowaongoza alikuwa mwanasheria Lee Jae-myung, ambaye familia yake ilihamia hapa 1976 kutoka Andong, na ambaye akiwa mtoto alifanya kazi viwandani mtaa wa Sangdaewon hadi mashine ikamjeruhi mkono. Baadaye akawa meya, na Juni 2025 akawa Rais wa nchi. Siasa zake kila mtu ana lake la kusema. Hospitali ilifunguliwa 2020, pale palipokuwa na ofisi za zamani za manispaa, na bibi anapimwa presha hapo.

Sasa mlima wenyewe unaondoka. Mitaa mingi ya viwanja vya pyeong ishirini iko kwenye mpango wa kujengwa upya, maghorofa marefu kama ya Bundang. Mtaa wa chini yetu umeshazungushiwa turubai, madirisha yamepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Wenye nyumba wengine watafaidika, siwezi kuwanyima. Bibi mwenyewe kachoka kupanda ngazi. Wapangaji kama sisi tutatafuta pa kwenda, na wapangaji humu ni wazee, Wachina wenye asili ya Kikorea, na wanafunzi.

Wiki iliyopita nilimsaidia bibi kushusha mitungi ya mchuzi wa soya kutoka darini. Mmoja ni mdogo, mweusi, umeliwa ukingoni. Ni ule wa kwenye lori. Akaufunga kwa blanketi, akaandika kwa kalamu nene juu yake kwamba usipakiwe na vingine. Kisha akaniuliza kama mimi nitahamia Seoul, kazi si iko huko? Nikamwambia nimeona chumba Dandae, hatua chache kutoka kituoni, mlima mkali zaidi ya huu. Akasema nikifika nitazame kwanza sanduku la chumvi liko upande gani wa njia.