Sheria ya Kiislamu Imo Mahakamani Tayari

Kila mjadala wa Mahakama ya Kadhi, yaani mahakama ya hakimu wa Kiislamu, unapofufuka hapa Tanga, Serikali na sheria ya Kiislamu huzungumzwa kama majirani wasiosalimiana. Wanaoipinga mahakama hiyo husema kwamba Ibara ya 3 ya Katiba ya 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, kwa hiyo hukumu za dini zisiingie katika vyombo vya dola. Wanaoidai husema Muislamu wa Bara amenyimwa sheria yake. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaliacha jambo lililo wazi: sheria ya Kiislamu imo mahakamani tayari, na dola yenyewe ndiyo inayoitumia.

Muislamu akifariki, ndugu hukaa kikao cha ukoo, humpendekeza msimamizi wa mirathi, kisha huenda Mahakama ya Mwanzo. Hakimu huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani, na akiridhika kwamba aliishi Kiislamu, mirathi yake hufuata mafungu yaliyotajwa katika Sura An-Nisaa. Mjane aliyeachwa katika ndoa yenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na mtoto wa kiume hupata fungu la watoto wawili wa kike. Huyo hakimu huenda si Muislamu, na hata akiwa Muislamu hakuna anayemdai awe amesoma fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu.

Hali haikuwa hivi tangu zamani. Mwambao huu, pamoja na Bagamoyo, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na kadhi aliamua mashauri ya ndoa na mirathi kwa elimu yake. Mwaka 1890 Ujerumani iliununua mwambao wetu kwa marki milioni 4, wakati ukanda wa Mombasa ulisimamiwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895 huku ukihesabiwa kuwa bado ni wa Sultani. Tofauti hiyo ya mikataba ndiyo iliyozaa mengi tunayoyaona leo. Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963 iliahidi kuwalinda makadhi wa ukanda ule, na leo wamo katika Ibara ya 170 ya Katiba yake ya 2010, ingawa Katiba hiyohiyo inasema nchi haina dini ya dola. Kwetu hapakuwa na ahadi ya namna hiyo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliunganisha mfumo mzima, sheria ya Kiislamu ikahamia Mahakama ya Mwanzo, na kadhi akabaki nje. Anayevuka mpaka wa Kenya pale Horohoro kwenda kwa shangazi yake Mombasa hubadilishiwa mahakama, lakini Qurani inayogawa mirathi yake ni ileile.

Kwa hiyo sioni kuwa kutokuwa na dini kwa dola kunazuia kadhi kutambuliwa. Hata hivyo, wenzangu wanaodai kadhi wanaliruka swali zito kuliko yote, nalo ni la mjane. Mume amejenga nyumba Makorora, hati ina jina lake peke yake, na mke kwa miaka mingi ameuza vitumbua alfajiri na fedha zake zikanunua saruji na mabati. Mume akifariki, mashemeji huihesabu nyumba yote kuwa mirathi na kumpa mke thumuni, wakisema hivyo ndivyo dini inavyotaka. Dini haitaki hivyo. Kabla ya mafungu kuna gharama za maziko, kuna madeni, kuna wasia usiozidi thuluthi, yaani theluthi moja ya mali. Na kabla ya hayo yote, kisicho cha marehemu hakirithiwi. Fiqhi inaitambua mali ya mke kuwa yake, ndani ya ndoa na nje yake. Lililo lake litolewe kwanza, ndipo thumuni ihesabiwe katika kinachobaki.

Katika hili mahakama ya dola ilituzindua. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Uamuzi ule ulihusu talaka, si mirathi, na wako masheikh ambao hawakuridhika nao. Mimi naona umeikaribia haki ambayo wanazuoni wetu walipaswa kuitangulia.

Muswada wa mwaka 2015 uliotaka kuutambua uamuzi wa kadhi haukufika kuwa sheria. Ukirudi, nitauunga mkono kwa masharti ambayo kwangu hayana mjadala: wahusika wote wawe Waislamu na wawe wamekubali kwa hiari kwenda kwa kadhi, asiyeridhika aweze kukata rufaa katika mahakama ya dola, na kadhi afungwe na utaratibu wa kuuliza, kabla ya kugawa chochote, ni nani aliyechangia mali hiyo. Kwa sasa, hilo la tatu halihitaji muswada wowote. Msimamizi wa mirathi anaweza kulifanya leo, na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anaweza kumdai alifanye kabla ya kupokea mgawanyo wake.