Ununuzi Venice: ushauri kwa msafiri wa Mombasa

Sisi tuliozoea kupatana bei ya leso katika Mtaa wa Biashara hushangaa kukuta kwamba katika maduka mengi ya Venice bei iliyoandikwa ndiyo inayolipwa. Jambo ninalomsisitizia kila ndugu anayekwenda huko ni kuwa makini na bidhaa za kioo za Murano, kisiwa ambacho mafundi wa kioo walihamishiwa mwaka 1291 ili tanuri zao zisiuteketeze mji, kwa sababu vibandani huuzwa nyingi zilizotengenezwa kwingine. Tafuta kibandiko cha Vetro Artistico Murano, na ukiona bei ya kutupa, ingia shaka. Mimi nilimnunulia mama shanga kwa fundi aliyenionyesha tanuri lake, na mpaka leo sizijutii fedha zile. Mikoba bandia inayotandazwa njiani usiiguse, kwani sheria ya Italia humtoza faini hata mnunuzi. Ukinunua vitu vya zaidi ya yuro 70 katika duka linalotoa huduma ya kurejeshewa kodi, onyesha pasipoti, uombe fomu ya huduma hiyo, kisha uithibitishe forodhani unapotoka Umoja wa Ulaya, kabla hujakabidhi mizigo.