Kutoka dokezo la ofisini hadi meza ya uchambuzi

Nilipostaafu Wizara ya Mambo ya Nje nikiwa na miaka 60, nilidhani uchambuzi wa siasa za kimataifa ni kazi ileile, ila bila tai. Wapi! Ofisini unaandika dokezo: hali ilivyo, njia zilizopo, ushauri. Likishapanda kwa wakubwa, ukali wake umepunguzwa na jina lako halionekani tena. Redioni mtangazaji anakukazia macho: "Balozi, wewe mwenyewe unaonaje?" (Ubalozi sikuwahi kupewa, nimechoka kuwasahihisha.) Mwanzoni nilijibu kama msemaji wa wizara, na wasikilizaji wakasinzia.

Halafu kuna siri za kazi, na kiapo hakiishi kwa kustaafu. Nikajiwekea utaratibu wa kutosema lolote nisiloweza kulionyesha kwenye maandishi ya wazi. Kumbe hayo yana mengi, ukijua yalivyopikwa. Chukua tamko la mkutano wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) uliofanyika hapa Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, siku chache baada ya waasi wa M23, wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, kuuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Lilitaka mapigano yasitishwe mara moja, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano, na uandaliwe utaratibu wa kuondoa majeshi ya kigeni ambayo Kongo haikuyaalika. Majeshi ya nani? Pale nchi haikutajwa. Wengi waliona woga. Mimi niliyewahi kukesha kwenye vikao vya kuandaa matamko niliona gharama ya kumpata Rais Kagame wa Rwanda ukumbini na Rais Tshisekedi wa Kongo kwa njia ya video, wote kwenye kikao kimoja. Tena mwenyeji, Tanzania, alikuwa na askari Kongo chini ya SADC huku akiwa mwanachama mwenza wa Rwanda katika EAC. Nilipolieleza hivyo hewani, maswali ya wasikilizaji yakaanza kuwa ya maana.

Mengine nayapata Kurasini, karibu na bandari. Kipo Chuo cha Diplomasia kilichoanzishwa mwaka 1978 na Tanzania na Msumbiji, lakini siku hizi naishia kwa mawakala wa forodha na madereva wa malori ya Lubumbashi, Kongo. Foleni ya mpakani Tunduma (kuingia Zambia) au Kasumbalesa (kuingia Kongo) ikivimba, wao wanajua kabla hakijaandikwa chochote.

Malipo? Televisheni inakupa nauli na chai. Fedha yangu inatoka kwa wasafirishaji wanaotaka kujua kama mzigo wa Kongo utapita mwezi ujao, na hao hawakubali jibu la "inategemea".