Tanga la Babu

Babu yangu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge. Alipofariki mwaka 1991, nyumbani Muheza, aliacha kopo la biskuti lenye kipande kimoja cha zamani, yaani kadi ya kazi ya shamba la mkonge: vijumba 30 vya siku za kazi, namba, jina lililoandikwa na karani, na neno "Kasulu". Wenzangu wana mpira. Mimi burudani yangu ikawa kopo lile.

Babu alizoea kusimulia kwamba alitoka kwao kwa treni, akamalizia kwa lori. Nilidhani uzee unamchanganya, mpaka nilipojua kwamba reli ya Kati na ya Tanga ziliunganishwa mwaka 1963. Yeye alikuja 1949.

Mwaka 2016 nikachukua likizo, nikapanda treni Dar hadi Kigoma, kilomita 1,250 hivi. Vumbi na kuchelewa sivisimulii, kila msafiri anavyo vyake. Tulipovuka Malagarasi nilijikuta nimelikumbatia kopo kama mtoto.

Kasulu, kijana wa bodaboda alisoma kipande akacheka. "Karani kalikoroga hili." Akalitamka Kiha, akalirudia, mpaka likafanana na jina la ukoo anaoufahamu. Akanipeleka kijiji cha kwanza, siyo. Cha pili tukamkuta bibi mmoja anaanika maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wa nani wewe?"

Nikamtaja babu. Akaacha maharage, akaita watu kwa Kiha, uwanja ukajaa. Kisha akanigeukia. "Huyo tulishamlilia. Hakuleta barua wala salamu, baba akasema basi, mwanangu kafa. Tukaweka tanga, tukaanua." Alikuwa mdogo wake babu, kitinda mimba.

Nikauliza ilikuwa lini. Akanionyesha mzee aliyesimama mlangoni, mtoto wa kaka yao. "Huyu alizaliwa baada ya tanga, 1956. Ndiyo maana kapewa jina lake."

Wakati huo kule Muheza baba yangu alikuwa anatambaa.

Mzee yule, ambaye kwangu ni baba mdogo, akashika kipande, akakigeuza nyuma na mbele. "Wenyewe mlimzika lini?"

"Tisini na moja."

Akahesabu kwa vidole, taratibu. "Miaka thelathini na mitano natumia jina la mtu aliye hai," akasema, "na hata kumwomba sikumwomba."