Unguja kwa baiskeli ya kukodi

Leo sikutaka mtu wa kunitembeza. Nimekodi baiskeli asubuhi karibu na Darajani: kengele nzima, breki ya nyuma ya kubembeleza. Kosa langu la kwanza ni kuingia nayo Mji Mkongwe. Vichochoro vile ni vya miguu na vespa, kila kona "hodi, hodi!" mpaka nikashuka nikaikokota. Mzee mmoja barazani akacheka: "Mwanangu, hapo nani anamtembeza mwenzake?"

Nikatoka zangu kushika barabara ya Bububu, bahari kushoto. Raha ndiyo ilianzia hapo! Kilomita chache tu uko Maruhubi, magofu ya kasri alilojenga Sultani Barghash kwa ajili ya masuria wake. Liliungua 1899, zimebaki nguzo nene zimesimama bila kubeba kitu. Nikakaa kivulini nusu saa nzima, hakuna wa kuniambia "twende, gari linasubiri." Mbele kidogo ni Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Said, mwaka 1844.

Kurudi, cheni ikachomoka mara mbili. Urojo nimeunywa na mikono yenye grisi. Mapaja yanawaka moto, na kesho nataka Mangapwani 😅